Mkwe Hachungulii

Sofu, Kibaha
14 Aprili 2025

Kwa Mama Mkwe, Bi Mwanakheri binti Salumu, Kibuta.

Shikamoo Mama.

Naandika nimekaa wima mezani, ingawa ningekuwa mbele yako kweli ningekuwa nimeinama naangalia vidole vya miguu yangu. Tangu unipe mwanao Tunu hatujazungumza zaidi ya salamu na habari za mvua, na ndivyo inavyotakiwa. Simu sikuthubutu. Simu yako hupokelewa na yeyote aliye karibu nayo, tena kwa sauti kubwa, mpaka jirani naye anachangia. Ndiyo maana nimempa barua Halidi, mpwa wako, ambaye yuko hapa sokoni anashusha mananasi. Nimemwomba akukabidhi mkononi.

Sisi huku wazima. Tunu anashona mpaka mashine inalalamika, na wajukuu wako wanakusalimu.

Mama, nataka kukueleza kidogo kazi yangu, kwa sababu huko Kibuta mnaniita daktari na mimi si daktari. Mimi natunza kumbukumbu za wagonjwa hapa hospitali. Zamani mgonjwa akitoka Kisarawe alikuja na kikaratasi kilicholowa jasho, na akikisahau kwenye gari tunaanza naye upya, utafikiri amezaliwa mlangoni kwetu. Mwaka huu tumeunganishwa. Kilichoandikwa kwenye zahanati ya kijijini, kituo cha afya Mlandizi au hospitali ya Kisarawe, kinasomeka hapa Kibaha. Juzi aliletwa mzee mmoja kutoka upande wa Mzenga, kaanguka shambani, ulimi umekuwa mzito hawezi kusema hata jina. Aliyemleta akataja jina lake, daktari akamfungua kwenye kompyuta, na yale yote ambayo mzee hakuweza kuyasema yakawa yamekaa pale yanamsubiri. Mimi nilisimama nyuma ya daktari nikahisi nywele zinanisimama. Nimefanya kazi hii muda mrefu lakini sikuwahi kumwona mtu amekamilika namna ile, vipande vyake vyote mahali pamoja.

Sehemu yangu mimi ni ndogo. Mtu akiandikiwa rufaa kuja kwetu asipofika, jina lake hunijia asubuhi ili nimfuatilie. Wengi nawapigia simu. Kuna ambaye siwezi kumpigia.

Mama, nakuomba uje Kibaha. Uje mapema, kabla masika haijaharibu njia. Kuna jambo lisilotaka kusubiri, na si langu kulitamka. Kama nimekosa adabu kwa kuandika, niwie radhi.

Mkweo,
Yahya


Kibuta
20 Aprili 2025

Mkwe wangu Yahya,

Marahaba. Barua yako imefika pamoja na maganda ya nanasi, kwa sababu Halidi alikula njiani.

Nimeipokea nikaenda kuisomea nyuma ya nyumba. Mimi nimefundwa, na waliotufunda walituambia: mkwe mwanamume akimwandikia mama mkwe, ama kuna msiba, ama anataka kurudisha mke. Msiba ungeniambia. Basi nimejua. Hilo jambo "lisilotaka kusubiri na si langu kulitamka" ni Tunu.

Nakushukuru kwa kuja kwa mlango wa adabu. Wanaume wa siku hizi wanapakia begi la mke kwenye bodaboda na mama mtu anasikia kwa majirani. Lakini nakuuliza, amefanya nini? Kama ni ulimi, ulimi wake niliutangaza kabla hujatoa posa, mbele ya wazee wako, wakacheka wakasema wanaume wa kwao wana masikio magumu. Kama ni kupika, huyo kashindikana tangu mtoto, na hilo pia ulijua. Kama ni jambo kubwa zaidi, usiniandikie, niletee mshenga. Kwa sasa nimemtuma mdogo wangu Raudha atoke Mlandizi aje amkalishe Tunu kitako. Raudha hana haya, atamwuliza kila kitu.

Kuja Kibaha siwezi. Palizi ya mihogo imenikaba, na mama kwenda kukaa nyumbani kwa mkwe bila harusi wala msiba ni aibu.

Hiyo mashine yenu imenishangaza. Mtu wa Mzenga anaanguka Mzenga na Kibaha wanajua damu yake? Mungu ni mkubwa. Sasa hebu niambie, inakusanya za Kisarawe na Mzenga tu, au hata za Mlandizi? Nauliza tu, nisije nikawasimulia watu vibaya.

Mimi mzima. Presha tu, na presha ya mjane si ugonjwa.

Mkweo,
Mwanakheri


Sofu, Kibaha
24 Aprili 2025

Mama, shikamoo.

Mama mdogo Raudha amekuja na amefanya kazi uliyomtuma. Alimkalisha Tunu chumbani akamwuliza mambo yaliyonifanya mimi nitoke nikanunue vocha nisiyoihitaji. Alipoondoka, Tunu alinitazama akasema, "Yahya, umekwenda kunishtaki kwa mama yangu?" Tangu hapo chai yangu naitengeneza mwenyewe. Mama, Tunu hana kosa. Ndoa yetu nzima. Kosa ni la kalamu yangu, ilizunguka mno.

Basi nitasema. Jina lililonijia asubuhi ni lako.

Mimi sikukutafuta. Niliwasha kompyuta kama siku zote, na katika wale walioandikiwa rufaa wasifike, nikaona Mwanakheri Salumu, wa Kibuta, aliyetumwa kutoka Mlandizi. Kumfuatilia mtu sharti nifungue nione ametumwa kwa nini. Nikafungua kabla akili haijafika mkononi. Nilisoma mstari mmoja, nikazima skrini, nikageuza kiti nikatazama ukuta. Wenzangu waliniuliza kama naumwa.

Nilichokisoma sitakiandika. Mkwe hatamki. Naandika tu kwamba aliyekuona Mlandizi aliweka neno "haraka", na neno lile hawaliweki ovyo.

Nilikwenda kwa mkuu wangu, Bi Elinipa, nikamwuliza kama ninaweza kumwambia mke wangu. Akasema habari ya mgonjwa ni ya mgonjwa. Mwenye ruhusa ya kumwambia Tunu ni wewe peke yako. Kwa hiyo Tunu hajui. Anakata vitambaa anaimba, anapanga kukuletea gauni la Idi, nami nakaa pembeni yake na habari ya mama yake kifuani. Ni mzigo, Mama, sikufichi.

Na umeniuliza kama mashine inafika Mlandizi. Inafika. Kabla sijazima niliona njia yako yote imejipanga: Kibuta, Maneromango, Kisarawe, tena Kisarawe, halafu Mlandizi. Umeizunguka Kibaha kama mtu anayemzunguka mtoto aliyelala asije akamwamsha. Nikaelewa kwamba aliyelala ni mimi. Ulikuwa unanikwepa mimi. Sijui kama kuna kitu kimewahi kunishika moyo kama kuiona ile safari yako, na kujua imefanywa kwa ajili ya heshima yangu na yako.

Lakini safari imekwisha, Mama. Anayejua kutibu jambo hili kwa karibu yuko hapa. Njoo.

Mkweo,
Yahya


Kibuta
29 Aprili 2025

Yahya,

Kwa hiyo umeingia chumbani mwangu.

Nilikwenda Mlandizi nikawaambia watu nakwenda kwenye harusi kwa Raudha. Nilivaa nguo za harusi. Nilichagua Mlandizi kwa sababu Kisarawe kila muuguzi ananijua, na Kibaha upo wewe. Yule muuguzi aliniambia, mama, siri yako ni yako. Nikamwamini. Kumbe alipokuwa anagongagonga vile vidude vyake, alikuwa ananivua nguo mbele ya mume wa mwanangu.

Unaandika "mkwe hatamki". Basi nitatamka mimi, usijisumbue kuzunguka. Uvimbe uko hapo hapo mkeo aliponyonya. Sasa umeshaambiwa na mwenyewe. Umeridhika?

Mkwe hachungulii. Hilo ndilo la kwanza tulilofundishwa. Hata nyumba ikiungua, mkwe anapiga kelele nje.

Siji. Na usiniandikie tena.

Mwanakheri


Kibuta
11 Mei 2025

Mkwe wangu Yahya,

Nilikukataza kuandika, ukatii. Nikakasirika zaidi. Kila Halidi akirudi sokoni namtazama mikono, naye ananiambia "hakuna kitu, shangazi," nami najifanya nilikuwa naulizia bei ya mananasi.

Sasa sikiliza yaliyonipata. Jumatano mvua imetupiga asubuhi yote. Mchana nasikia bodaboda inakoroma kwenye tope, inasimama uani kwangu. Anashuka mwanamke mnene, matope mpaka magotini, anapaza sauti kijiji kizima kisikie: "Yuko wapi huyo Mzaramo anayetaka kufa bila kuniaga?"

Ni yule muuguzi wa Mlandizi. Anaitwa Stellamaris. Siku ile hakuniambia ni mtu wa wapi, nami sikumwuliza, mtu aliyeinamisha kichwa haulizi makabila. Kumbe ni Mnyamwezi wa Tabora. Mtani wangu.

Unajua mtani hana mlango wa kubisha. Akaingia, akakaa kitandani kwangu na matope yake, akasema amekuja kuchukua jogoo wake kabisa. Nikamwuliza jogoo gani. Akasema, "Yule wa kuzuia jeneza lako. Mila inasema ukifa nije nilizuie mpaka nipewe changu. Lakini wewe unakufa kwa ujinga, na mimi misiba ya ujinga siendi, nauli yenyewe ghali. Nipe jogoo leo tumalizane."

Yahya, nilicheka. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Halafu kicheko kikageuka, nikalia mbele ya Mnyamwezi, naye akaniacha nilie, hakunibembeleza hata kidogo. Nilipotulia akafunga mlango akasema, "Haya, tuone jogoo wangu amefikia wapi." Akatazama pale pale. Akanishika mkono akasema pameongezeka, lakini bado tuna nafasi, na nafasi hainunuliwi.

Nikamwuliza, nani kakutuma, ni mkwe wangu? Akasema hakutumwa na mtu. Aliona kwenye mashine yake kwamba mgonjwa wake hajafika Kibaha, na pembeni ya jina pameandikwa: "Amefuatiliwa, amekataa, afuatwe kwa heshima." Akasema, "Nimeona hilo neno heshima nikashangaa. Miaka yote sijawahi kuona mtu kaliandika humo ndani."

Hilo neno ni lako. Najua ni lako.

Nimekaa nikawaza. Mtu ameketi Kibaha anaandika neno moja, mwingine Mlandizi analisoma, anapanda bodaboda kwenye mvua kuja Kibuta kunitukana. Nilidhani kile kitu ni jicho tu, kinatazama watu. Sikujua kina miguu.

Nitakuja. Lakini nina sharti langu, na bila hilo utanizika hapa hapa. Usinione. Si kwa macho tu. Usinione hata humo ndani. Humo ndimo chumbani mwangu sasa, kila kitu changu kimo, na watakaonitibu wataongeza mengine. Siwezi kulala kwenye kitanda cha hospitali najua mume wa mwanangu anaweza kubonyeza akaona nilivyofunguliwa. Ufungiwe nje. Sitaki uniahidi, ahadi ya mtu hulegea akiwa na wasiwasi. Nataka kufuli.

Kama hiyo mashine ni ya ajabu kweli kama unavyosema, basi ijue na adabu.

Mkweo,
Mwanakheri


Sofu, Kibaha
16 Mei 2025

Mama, shikamoo.

Neno ni langu. Sikujua kama kuna atakayelisoma.

Kufuli limepatikana. Nilimpelekea Bi Elinipa sharti lako nikiwa na aibu, nikidhani atanicheka. Hakucheka. Yeye ni Mpare, mama mtu mzima, akavua miwani akaniambia kwao marehemu bibi yake alikuwa akimwona mkwe njiani anaingia shamba la watu, mahindi yavunjike yasivunjike. Akasema, "Sisi tumejenga nyumba kubwa Yahya, tukasahau kuweka mapazia." Akainuka palepale akaenda kwa vijana wa kompyuta.

Vijana wakasema humo ndani hakuna mahali pa kuandika ukwe. Wakatafuta, wakabishana, mmoja akapekua maelekezo. Kumbe kuna mahali pa kumzuia mtumishi asifungue kumbukumbu za mgonjwa aliye na undugu naye, ila hapa kwetu hakuna aliyewahi kupaomba. Wakaandika jina langu, wakaandika lako, wakafunga. Kazi ya kukufuatilia wewe amekabidhiwa mwenzangu Recho. Halafu Bi Elinipa akaniambia nijaribu, ili niweze kukuandikia kwa hakika.

Nikaandika jina lako. Mashine ikafikiri kidogo, kisha ikaniandikia: Huna ruhusa ya kuona kumbukumbu za mtu huyu.

Mama, nilifurahi kunyimwa. Hiki kitu kinachojua damu ya mtu wa Mzenga, kinachosoma wilaya na wilaya kwa kufumba na kufumbua, kiliniona mimi nakuja kikageuza uso wako upande mwingine. Kimefanya alichokifanya yule bibi wa Kipare kwenye mahindi. Nilikaa nikaitazama ile sentensi mpaka skrini ikajizima yenyewe. Nilidhani nimeshastaajabu vya kutosha siku ya yule mzee aliyeanguka. Bado nilikuwa sijaanza.

Sasa mlango umefungwa na mimi niko nje. Kilichobaki ni kimoja, nacho ni chako: umwambie Tunu. Unahitaji mtu wa kukaa nawe, na binti yako ndiye. Mimi siku utakayopita getini nitakuwa nimekaa upande wa nyuma, na nyumbani nimeshamwomba rafiki yangu Brighton anipokee kwake, ili wewe na Tunu mlale mtakavyo.

Mkweo,
Yahya


Sofu, Kibaha
10 Juni 2025

Mama, shikamoo na Idi Mubarak, ingawa najua Idi imekukuta wodini.

Halidi ameniambia umetoka juzi na kwamba Bi Raudha amekuchukua Mlandizi. Ndiyo habari pekee niliyonayo. Nyingine zote nimejinyima kwa mkono wangu.

Kila siku uliyokuwa hapa nilipita njia ya nyuma, kwenye majiko ya wanaosubiri wagonjwa, ili nisipite karibu na dirisha la wodi yako. Nikifika mezani vidole vinataka kuandika jina lako. Najua nitakataliwa, lakini vinataka tu. Wenzangu wanaweza kufungua wakajua, tena Recho anakaa meza inayofuata na yangu. Siku moja alisoma kitu akashusha pumzi, nami nikatoka nje nisije nikamwuliza ni cha nani.

Tunu amerudi nyumbani macho yamevimba. Chai ananitengenezea. Nimemwuliza, "Mama vipi?" akanijibu, "Mambo ya Mama atayasema Mama." Akanikalisha, akanishika kichwa kwa mikono yake miwili, akasema hakujua ameolewa na mtu wa namna gani. Sikuelewa ni kwa wema au kwa ubaya. Halafu akalia tena akataja jina nisilolijua.

Mama, sikuombi habari za chumbani. Naomba neno moja tu, la mtu aliyesimama nje nyumba ikiungua. Upo?

Mkweo,
Yahya


Kwa Raudha, Mlandizi
24 Juni 2025

Mwanangu Yahya,

Nimechelewa kukujibu kwa sababu mkono wa upande ule ulikuwa hauinuki. Sasa unainuka kiasi cha kushika kalamu, kikombe bado.

Nipo.

Nikusimulie, maana wewe hukuona, na mwenye jambo ndiye msimulizi. Kabla ya kuja nilimwita Tunu Kibuta nikamwambia. Alinikasirikia, akakukasirikia na wewe. Nilipomweleza kufuli ulilokwenda kuniombea ufungiwe, hasira yote ikamtoka. Akasema, "Yahya alijua siku zote hizi na mimi nilikuwa namnyima chai." Basi usiwe na wasiwasi na hayo maneno aliyokuambia. Ni kwa wema.

Tulipofika tukapokelewa na daktari mwanamke, Evaline, umri kama wa Tunu. Sikuwa na karatasi hata moja. Nilikuwa nimejiandaa kueleza tangu mwanzo, ile hadithi ambayo nimeieleza kila mahali mpaka imenichosha. Yule binti akanisalimu, akatazama kioo chake, akasema, "Mama, pole na safari, njia ya kupitia Mzenga najua ni mbaya. Presha yako ya Kisarawe nimeiona, imetulia. Na dawa za salfa hatutakupa, zilikuvimbisha uso." Yahya, mimi huyu mtu sijawahi kumwona. Hata mama yangu mzazi alisahau mambo ya mwili wangu. Nikaogopa, nikajikuta nimeshika ushungi.

Kisha akaniuliza, "Umezaa mara ngapi?" Nikasema wanne. Ndivyo ninavyojibu siku zote. Akatazama, akasema kwa upole, "Hapa naona watano, Mama."

Tunu alikuwa amekaa pembeni yangu. Akanigeukia.

Kabla ya Tunu nilizaa mtoto wa kiume. Alinyonya mwezi mmoja na siku chache, homa ikamchukua masika, njia ya Maneromango haipitiki. Marehemu baba yake Tunu alisema tusimtaje, tukimtaja watakaofuata hawatakaa. Tukaacha kumtaja. Baba yake akafa, mkunga akafa, wazee waliomzika wakafa. Nikawa nimebaki mimi peke yangu duniani ninayejua kwamba aliishi. Nilikuwa nikiwaza, siku nikienda mimi, basi na yeye atakuwa hakuzaliwa.

Kumbe siku moja Kisarawe, presha imenipanda, nimelala natetemeka, muuguzi aliniuliza uzazi wangu nikamwambia ukweli bila kujua nasema. Naye akaandika. Hata sura yake siikumbuki. Na toka siku ile mwanangu alikuwa amekaa humo, anahesabiwa. Mimi namkana kila mahali, na kile kitu kinamweka.

Nililia pale kwenye kiti kuliko nilivyolilia ugonjwa. Nikamwambia Tunu jina. Anaitwa Mwinshehe. Ndilo hilo jina ulilolisikia. Tunu ameniuliza kaburi liko wapi, na nikipona tutakwenda naye kulisafisha. Nakuomba na wewe uje. Kaburini mkwe anaruhusiwa.

Sasa la chumbani. Mashine imekukatalia, mimi nakuambia. Wametoa kilichotakiwa kutoka. Wakapeleka kipande kupimwa, na jibu ni ule ugonjwa ambao mimi na wewe tumeuzunguka kwa barua zote hizi bila kuutaja. Ni wenyewe. Daktari anasema haujatembea. Nitakwenda Dar kwa matibabu mengine, nitachoka, nywele zitatoka, Tunu amekwisha kunishonea vilemba. Stellamaris alikuja wodini akaniambia jogoo ameahirishwa, nimlishe vizuri. Ningesubiri palizi iishe, Yahya, yangekuwa mengine. Daktari hakunificha hilo, na mimi sikufichi.

Kabla sijatoka, Bi Elinipa wako alikuja kunisalimu. Mama wa watu, amekaa, tumezungumza mpaka chakula kikaja. Akaniuliza kama nataka kufuli lifunguliwe, kwa kuwa mambo yamekwisha kujulikana na wewe unateseka nje. Nikawaza sana. Nikamwambia hapana, liacheni.

Si kwamba sikuamini. Nilipolala pale nimefunguliwa, nilijua kuna mtu mmoja hospitali nzima aliyeomba asinione, na usingizi ukaja. Mtu wa kunitazama nimempata, madaktari wamejaa. Wa kunigeuzia uso ni wewe tu.

Ukitaka kujua hali yangu, gonga. Mpe Halidi barua. Nikiwa hai nitaitika.

Mama yako,
Mwanakheri binti Salumu, mama wa watano